Bushi ya Gurudumu la Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, unakula vizuri na unalala vizuri. Nakuombea afya kwa moyo wangu wote, maana nina mengi ya kukuambia na nisingependa uyasome ukiwa na homa, ukapata kisingizio. Sisi hapa hatujambo. Watoto wanakwenda shule, cherehani yangu inafanya kazi, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Shemeji yako naye hajambo, ingawa najua hukuuliza. Hali ya Mama mimi sikuulizi. Sababu yake utaiona mbele, ukiwa na subira ya kusoma hadi mwisho.

Huenda unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu kama watu wengine. Kwenye simu wewe ndiye msemaji na sisi sote ni wasikilizaji. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena unaimalizia vibaya. Karatasi haikatizwi. Unaweza kuikunja ukaitupa chini ya kitanda, lakini ukiiokota kesho itakuwa inasema yale yale.

Ninachotaka nakisema mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. Nataka uje nyumbani, uketi sebuleni pale ulipoketi siku ile, mbele ya watu wale wale waliokusikia, mjomba akiwemo, na umwombe radhi mume wangu kwa kumwita muuaji. Sitaki ujumbe wa simu. Sitaki umtume mtu. Ulimi hauna mfupa, kweli, lakini una mwenyewe.

Tuanze na siku uliyokuja likizo. Gari la marehemu Baba lilikuwa limeanza kugonga mbele, upande wa kushoto. Kila likipita kwenye tuta, kitu kilisema ko, ko, kama mtu anayebisha hodi chini ya miguu ya abiria. Shemeji yako alitaka kulipeleka gereji ya hapa mtaani. Wewe ulicheka. Ulisema ni aibu gari la Baba kuguswa na mafundi wa vichochoroni ilhali mwanawe wa kiume ndiye msimamizi wa mafundi wote wa kambi ya barabara, mtu anayetengeneza magreda na malori. Ulikwenda mwenyewe ukanunua bushi mpya, na kwa hilo nakushukuru, usije ukasema sikumbuki wema.

Mimi wakati ule sikujua bushi ni kitu gani. Uliniwekea kiganjani: duara la mpira mweusi, nje limevikwa chuma, na katikati kuna kibomba cha chuma ambamo bolti hupita. Ulinieleza kwamba ndiyo inayouunganisha mkono wa gurudumu na mwili wa gari, na kwamba gurudumu likipanda na kushuka, ule mpira hujinyonga kidogo huku na huku, kisha hurudi mahali pake. Ulieleza vizuri sana, hata Mama alielewa. Ndiyo maana leo huwezi kuniambia kwamba hukujua.

Asubuhi ile Mama alikuwa ametoka kufua, na ua wote ulikuwa tope. Wewe ulikuwa umekwisha kuvaa suruali yako nyeupe, ile ya pasi, kwa sababu mchana ulialikwa na rafiki zako wa zamani. Nilikupa kanga ujifunge, ukakataa, ukasema fundi wa kweli hachafuki. Ulipandisha gari kwa jeki, ukaweka magogo chini, ukatoa gurudumu, ukafungua ule mkono wa chuma, ukaing'oa bushi ya zamani kwa vaisi ya kubania na nyundo, ukaipaka mpya maji ya sabuni na kuiingiza kwa ustadi ambao siukatai. Majirani walikuwa wamesimama ukutani wanatazama. Ilipofika zamu ya kuikaza bolti, ulivuta kigoda cha Mama, ukakikalia, na ukaikaza pale pale gari likiwa juu, ule mkono unaning'inia. Ulivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Kisha ukarudisha gurudumu, ukashusha jeki, ukalipiga gari kofi kwenye boneti na kusema bushi hiyo itatuzika sote. Ukanawa, ukaenda kwenye mwaliko wako. Suruali haikupata hata doa.

Haukupita muda mrefu, gari likaanza tena kubisha hodi. Shemeji yako alikupigia simu kwa heshima zote, mimi nikiwa pembeni yake. Ulimwambia bushi ni mpya, bado inajizoeza. Alipopiga tena, ulimwambia tatizo si bushi, ni dereva anayetafuta mashimo ya barabara kama mtu aliyepoteza pete. Na ukaongeza amri, ambayo nakukumbusha neno kwa neno kwa sababu uliitoa kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kutoka kwenye simu: kwamba ole wake akiifungua kazi ya mkono wako kumpelekea fundi mwingine. Mimi nilimwambia alipeleke tu. Yeye akasema gari si letu, ni la Baba, na mwenye sauti juu ya mali ya Baba ni wewe. Unaona mtu uliyemvunjia heshima alikuwa amekuheshimu kiasi gani.

Kilichofuata unakijua, lakini unakijua kwa hadithi yako mwenyewe, kwa hiyo nitakusimulia ya kwetu. Alikuwa anampeleka Mama kliniki ya macho. Kwenye ule mteremko wa maghala, lori likatoka kinyumenyume getini bila kupiga honi. Shemeji yako akakanyaga breki. Gari, badala ya kusimama kwenye mstari wake, likavuta kushoto kwa nguvu, usukani ukamshinda, wakaingia mtaroni. Yeye alipasuka paji la uso. Mama alivunjika kifundo cha mkono. Mtu aliyewatoa anauza magodoro hapo jirani, na hadi leo anasema gari halikuwa na mwendo hata wa kumpita mwendesha baiskeli. Miaka yote hii wewe ndiye uliyemwita mume wangu Konokono, mbele ya watoto wake, kwa jinsi anavyoendesha. Siku gari lilipoingia mtaroni, Konokono akageuka ghafla kuwa dereva wa mashindano.

Ulifika ukiwa umefura. Hukumsalimia mtu. Ulitukusanya sebuleni, ukamwita mjomba, ukamwita na jirani wa mbele, eti wawe mashahidi, kana kwamba kuna kesi. Mume wangu alikuwa na bendeji kichwani na hukumuuliza inauma au haiumi. Ulisema mikono yake ni ya kupiga randa, si ya kushika usukani. Ulisema mwanamume asiyeweza kulinda gari la marehemu hawezi kumlinda mjane wake. Kisha ukasema kwamba kama Mama angekufa siku ile, wewe ungejua muuaji wake anakula na kulala nyumba gani. Mjomba alitazama chini. Jirani alijikohoza. Mama alikuwa ameshika plasta yake, na hakusema neno. Usidhani alikubali. Alikuwa na maumivu, na tangu Baba atutoke, ukifungua mdomo humu ndani kila mtu hufunga wake.

Jioni hiyo hiyo ukamchukua. Ulisema atakaa kwako mpaka sisi tujifunze kutunza watu. Aliyembebea mkoba hadi kwenye gari ulilokuja nalo ni yule yule muuaji.

Kaka, mimi nilikasirika, na hasira zangu unazijua, zinakuja kwa kelele na kuondoka kwa kelele. Kilichonitisha ni kwamba mwenzangu hakukasirika. Aliamini. Alikuwa anaacha kutafuna katikati ya chakula, ananiuliza kama nadhani alikanyaga breki mapema mno au alichelewa. Alikwenda kwa miguu hadi kwenye ule mteremko, akasimama, akatazama, akarudi. Funguo za gari alizitundika msumarini na hakuzigusa tena. Kwenye karakana yake ya useremala wateja walimkuta amekaa juu ya benchi na mbao hazijaguswa. Halafu siku moja nikamkuta anapanga randa na misumeno yake kwenye sanduku. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayekueleza habari za mvua, kwamba ingefaa tuhame, tupange chumba mahali, ili Mama arudi kwenye nyumba yake bila kuonana na muuaji wake. Neno lako alikuwa amelichukua, amelikalia, amelifanya jina lake.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Nilikuchukia siku hiyo, Kaka. Naandika neno hilo na sitalifuta, maana nikilifuta litabaki moyoni, na moyoni ni pabaya zaidi.

Kesho yake nikaenda gereji. Sikwenda kwa sababu nilijua lolote. Nilitaka mtu asiye wa ukoo wetu aniambie mume wangu alikosea wapi, ili kama alikosea kweli nijue la kusema. Ile gereji ya nyuma ya soko la mitumba ina fundi mmoja wanayemwita Makelele, na jina limemkaa. Anawagombeza wateja, anaigombeza redio, anazigombeza nati. Alikuja na kamba, akalivuta gari letu kutoka uani huku akinilaumu kwa vumbi lililokuwa juu yake. Alilisimamisha juu ya lile shimo lao, akashuka chini, na kabla ya kugusa chochote akaanza kupiga kelele kutoka humo. Alisema mpira wa bushi ya kushoto umechanika nusu nzima, na kwamba mtu aliyeendelea kuliendesha gari hilo alikuwa na haraka ya kuonana na babu zake. Nikamwambia bushi hiyo ni mpya. Akacheka kwa dharau, akaniita nishuke nione.

Nilishuka, Kaka, na gauni langu, nikasimama kwenye shimo lenye mafuta. Akaniwekea spana mkononi mwangu juu ya ile bolti, akashika pamoja nami, akaniambia niangalie kibomba cha katikati. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne, na uzito wake wote. Nati ilipolegea tu, kile kibomba kikajizungusha chenyewe kwa kishindo, tak, robo nzima ya duara, nusura kinibane kidole. Makelele akaniachia spana na kutukana, si mimi, bali fundi aliyeifunga.

Akanieleza, kwa kelele, kwamba bushi ya namna hiyo haikazwi gari likiwa limeinuliwa. Unaiingiza bolti, unaiacha legelege, unashusha gari chini lisimame kama linavyosimama siku zote, ndipo unaingia chini yake na kukaza. Ukiikaza ule mkono ukiwa unaning'inia, umeufunga mpira katika hali ambayo gari halikai kamwe. Ukilishusha, mpira unanyongwa papo hapo, na unaendelea kunyongwa hata gari likiwa limeegeshwa, na kila tuta linaunyonga zaidi. Haufiki mbali, unachanika. Na ukichanika, ukikanyaga breki kwa nguvu gurudumu linarudi nyuma na gari linakwenda linakotaka.

Mimi ni mshonaji, nikalielewa kwa lugha yangu. Ni kama kumpima mtu suruali akiwa ananing'inia mlangoni kwa mikono miwili, kisha ukashangaa inapochanika makalio siku ya kwanza anapoketi.

Nilimuuliza Makelele kama fundi mzuri anaweza kukosea hivyo. Akasema kila fundi analijua hilo, ni la siku za mwanzo kazini. Anayelifanya ni yule asiyetaka kulala chini. Gari kama lile likishushwa liko karibu na ardhi, huwezi kukaza umekaa. Lazima ulale chali kwenye udongo na ujisukume humo.

Hapo ndipo nilipoiona suruali yako nyeupe. Niliiona kama iliyoning'inizwa mbele yangu humo shimoni. Ua ulikuwa tope, mwaliko ulikuwa unakungoja, majirani walikuwa ukutani, nawe ulikuwa umekwisha kusema kwamba fundi wa kweli hachafuki. Ulijua, Kaka. Magreda ya watu huyafungi hivyo, ungekwisha kufukuzwa. Hili lilikuwa la nyumbani tu, la Mama, na la Konokono, likafungwa juu ya kigoda. Kisha likaleta madhara, na badala ya kuinama ukatazama chini ya gari dakika moja, uliinua kidole ukamwonyesha mtu. Nyani haoni kundule.

Makelele aliniuliza ni mjinga gani aliyefanya kazi ile. Nikamwambia ni kaka yangu. Akaniuliza huyo kaka anafanya kazi gani. Nilipomjibu, alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Nilikwenda moja kwa moja karakana kumwambia mume wangu. Nilimweleza mara moja, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena pale kwenye kibomba kilichozunguka. Kisha akainuka, akalivuta lile sanduku kutoka kona, akaanza kuzirudisha randa zake ukutani, moja moja, kila moja kwenye msumari wake. Hakukutukana. Mimi ndiye niliyekutukana, kwa niaba ya wote wawili. Jioni alikula, akaongeza, na alipomaliza akasema jambo moja tu kukuhusu: kwamba siku ile sebuleni alikutazama usoni muda wote, na sasa akiukumbuka uso huo haoni dalili kwamba ulijua. Mpaka sasa hatujui kama siku ile ulijua kwamba ni bushi yako na ukanyamaza, au hukutaka kujua. Utakapokuja utatuambia ni lipi. Mimi sioni lililo afadhali.

Makelele aliweka bushi mpya. Bolti aliiacha legelege, akalishusha gari juu ya shimo, kisha akamwamuru mume wangu aketi kwenye kiti cha dereva na mimi kiti cha pembeni, akisema anataka kukaza gari likiwa na watu wake. Nadhani halikuwa na lazima. Nadhani alikuwa ameona jinsi mwenzangu alivyosimama mbali na mlango wa dereva kama mtu aliyekatazwa kuingia. Alimfokea mpaka akaingia. Alishika usukani kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika sufuria ya moto, nami nikatazama dirishani ili asijue kwamba nimeona. Chini yetu tukasikia spana ikivutwa, na Makelele akigombana na bolti. Alipotoka alikuwa amejaa mafuta hadi masikioni. Akatuambia tupige mwendo.

Tulikwenda kwenye ule mteremko kwanza. Mume wangu ndiye aliyetaka. Alikanyaga breki pale pale, kwa nguvu, na gari likasimama kwenye mstari wake kama punda aliyekataa. Akakaa kidogo, akageuza.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimelichelewesha, na si kwa kuogopa. Nimelichelewesha kwa sababu nilijua ukilisoma kwanza hutasoma lingine.

Wifi yangu alinipigia simu. Tafadhali usimwinulie sauti, na ukimwinulia nitajua. Alisema Mama anashinda ameketi ukingoni mwa kitanda kwenye kile chumba chako cha wageni, mkoba wake uko miguuni haujafunguliwa tangu afike, kama mtu aliye kituoni. Anakula vijiko viwili vitatu. Anawaita wajukuu kwa majina ya watoto wangu. Ameuliza mara nyingi kama mkwe wake amepona paji la uso, na kila akiuliza mbele yako unabadilisha mazungumzo. Wewe mwenyewe uko kambini, nyumbani unapita kama mgeni. Wifi alisema hawezi kumruhusu Mama aondoke, kwa sababu hukumwachia ruhusa hiyo. Lakini akasema pia kwamba Jumatano angekwenda sokoni, na kwamba mlango wa mbele hufungwa kwa komeo la ndani tu, na Mama anajua kulifungua.

Kaka, Mama hayuko kwako. Yuko hapa. Tulimfuata Jumatano ile, kwa gari la Baba, mume wangu akiendesha kwa mwendo wake ule ule wa konokono. Mama alikuwa amekwisha kusimama barazani na mkoba. Alimtazama mkwewe, akalitazama gari, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi pembeni ya dereva kabla hatujamsalimia.

Tulimweleza njiani. Aliposhuka, alimfuata mkwewe upande wa dereva, akamshika mkono kwa huu wake uliopona, akamwomba radhi kwa kuwa alikuwa sebuleni siku ile na alinyamaza. Mume wangu hakuweza kuinua macho. Mtu mzima, mama mkwe, anamwomba radhi kwa kosa lako. Kama una haya yaliyobaki, nakuomba uyatumie hapo.

Tangu hapo umepiga simu nyumbani kwako mara kadhaa kuuliza hali ya Mama. Umeambiwa amelala, ukaridhika. Umeambiwa anaoga, ukaridhika. Jumapili ulipiga saa nane mchana ukaambiwa amelala, wala hukujiuliza ni lini mwanamke yule ameanza kulala mchana, yeye aliyekuwa akituamsha kwa kutumwagia maji usoni. Saa hiyo alikuwa hapa sebuleni anamfokea mkwewe kwa kuacha vumbi la mbao kwenye kochi. Ulimchukua kwa sababu sisi hatujui kutunza watu. Ametoweka nyumbani kwako wiki nzima na zaidi, na habari unaipata kwa barua.

Njoo, basi. Mjomba amekwisha kuambiwa, jirani naye yuko tayari, na kigoda unakijua kilipo. Njoo umevaa nguo yoyote, hatutakupa kazi.

Wasalimie mafundi wenzako. Msalimie wifi kwa upole. Watoto wanakusalimu, na mume wangu anakusalimu kama desturi yake.

Mama anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, na nilipomaliza nikamuuliza kama ana neno la kuongeza. Akasema hana.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.